Mzazi unayeenda kumwona mwanao Marekani: usikose Jumamosi ya mpira. Niliyoyaona Iowa City

Mama wa Kibaigwa ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Uzi huu ni kwa wazazi wenye watoto vyuoni Marekani, na wale ambao watoto wao sasa hivi wanahangaika na fomu. Viza ikishatoka swali huwa moja: niende lini? Wengi wetu tunasubiri mahafali, mwezi wa tano. Unafika, unakuta joho, mnapiga picha, mtoto anafungasha vitu vyake, basi. Miaka yote aliyoishi huko unaondoka huijui.

Mimi nasema nenda msimu wa mpira, kati ya Septemba na Novemba, Jumamosi ambayo chuo cha mwanao kinacheza nyumbani. Nasema mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Na usisubiri saa ya mchezo. Fika asubuhi kwenye maegesho ya magari, ukae na watu, ule nao. Hata kama tiketi ya uwanjani huna, nenda.

Binti yangu anasomea uuguzi Chuo Kikuu cha Iowa, mji wa Iowa City. Mimi nanunua na kuuza mahindi hapa Kibaigwa, kwa hiyo jimbo lenyewe lilinivutia kabla sijafika, maana Iowa ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa mahindi na kwa nguruwe. Nilifika wakati wa mavuno. Kutoka uwanja wa ndege wa Cedar Rapids mpaka mjini, kushoto na kulia ni mahindi yaliyokauka, na mashine moja inavuna eneo ambalo kwetu ungekusanya kijiji kizima. Mahindi yao ni ya njano na sehemu kubwa hayaliwi na watu, yanakwenda kulisha mifugo na kutengeneza ethanoli ya kuchanganya na petroli. Hilo nitalifungulia uzi wake, wafanyabiashara wenzangu wanalihitaji.

Turudi kwenye mpira. Sensa ya 2020 iliukuta mji wa Iowa City na watu kama 75,000. Uwanja wa chuo, unaoitwa Kinnick, unaingiza watu 69,250. Yaani siku ya mchezo mji unakaribia kuwa miji miwili. Na mechi za nyumbani kwa msimu mzima ni saba hivi tu. Simba na Yanga ukikosa mechi leo utaiona nyingine wiki ijayo. Hawa wana Jumamosi chache, zikiisha ni mpaka mwakani, ndiyo maana mtu anakataa harusi ya ndugu yake ikiangukia siku ya mchezo.

Mkusanyiko wa kabla ya mchezo wenyewe wanauita teligeti. Watu wanapaki, wanashusha mlango wa nyuma wa pikapu ugeuke meza, wanasimamisha turubai, wanawasha majiko, wanapika na kula pamoja mpaka saa ya mchezo ifike. Rangi ni nyeusi na njano kila unapogeuka, kuanzia soksi za watoto wachanga mpaka kola za mbwa. Barabara ya Melrose inapita jirani na uwanja, na wenye nyumba wa pale wanageuza bustani zao kuwa maegesho. Mzee amesimama na kibao chake mkononi, anapanga magari juu ya majani, anapokea hela. Mechi ikiwa kubwa bei inapanda. Mfanyabiashara nikamwelewa mwenzangu.

Waliotukaribisha ni wazazi wa msichana anayekaa chumba kimoja na binti yangu. Ni wakulima. Walitoka shambani kwao gizani ili wawahi nafasi, na nafasi yenyewe ni ileile kila mechi, miaka nenda rudi. Walianza kuja mtoto wao wa kwanza alipoingia chuoni. Huyo keshamaliza, ana watoto wake, na bado anakuja, anaegesha palepale. Majirani zao wa upande wa kulia ni mtu na mkewe wazee kabisa ambao watoto wao walimaliza zamani. Nafasi hawajaiacha.

Nilimkuta baba mwenye gari amepiga goti mbele ya jiko la mkaa, anausogeza mkaa wote upande mmoja. Pande kubwa la nyama ya ng'ombe akaliweka upande usio na moto, akafunika, na halifunui. Akitaka kujua limefikia wapi anatazama kipimajoto kilichochomekwa ndani ya nyama, waya wake umetokeza nje ya kifuniko. Soseji nene wanazoziita brati alizichemsha kwanza kwenye sufuria ya bia na vitunguu, zilipoiva ndipo akazibabua juu ya moto. Nikasimama pale muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha, na yeye hakumwachia mtu koleo.

Kilichonishika zaidi kuliko nyama ni mgawanyo wa kazi. Wiki nzima wanaandikiana kwenye simu: nani analeta barafu, nani viti, nani mikate, nani saladi ya viazi. Siku ikifika kila mtu anatoa kilicho chake na hakuna anayeulizwa. Nikatafuta mwanangu yuko wapi, nikamwona nyuma ya gari anamimina kahawa. Nikauliza, nikaambiwa kahawa ni kazi yake tangu mwaka wa kwanza. Wazee wale majirani walikuwa wamekaa na vikombe vyao vitupu wanamngoja, wanamwita kwa jina lake la nyumbani, wamelitamka sawasawa. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanangu alishapewa jembe.

Wakuu, mimi na mwanangu tunaongea kila siku. Namwona usoni kwenye simu. Lakini simu inakuonyesha uso na kipande cha ukuta. Haikuonyeshi nani atagonga mlango akiugua. Mama mwenyeji aliniambia kwamba binti yangu akipata mafua sauti inapotea kabisa, nami nikabaki namtazama, kwa sababu hilo nilidhani nalijua peke yangu. Akaniambia na Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, wanafunzi walipotawanyika, alilala kwao shambani. Kwenye simu nilikuwa nimeambiwa tu "niko kwa rafiki, mama." Rafiki gani, nyumba ya namna gani, baba wa nyumba ile ni mtu wa aina gani, nilikuwa sijui. Sasa najua. Nimeshikana nao mikono, nimekula nao.

Usiende mikono mitupu. Nilipika pilau ya kuku kwenye jiko la binti yangu, nikaitia kwenye hotipoti, na maandazi ya iliki. Pia wana mchezo wa kurusha vifuko kwenye ubao ulioinama wenye tundu, na zamani vifuko hivyo vilijazwa punje za mahindi. Hapo mfanyabiashara wa Kibaigwa nilikuwa nyumbani.

Ndani ya uwanja nitaeleza baadaye, naingia sokoni. Ulizeni.

---

Kaka wa Mbezi ameandika:

Mama shikamoo. Uzi mzuri, ila tusifichane. Niliishi Pennsylvania nikisoma, na maegesho yale vijana wanalewa saa mbili asubuhi. Wengine wanabebwa kabla mchezo haujaanza. Mzazi ajiandae kuona.

---

Mama wa Kibaigwa amejibu:

Marahaba mwanangu. Hujasema uongo. Bia ipo, na ipo nyingi. Sheria ya Marekani nzima ni miaka 21, na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili hawajaifikisha, lakini nyumba za wanafunzi zenye kelele unazipita njiani na unaona kabisa kinachoendelea. Nilimuuliza binti yangu wazi, akanijibu wazi, na mazungumzo hayo tusingeyafanya kwenye simu.

Ila maegesho si mamoja. Kuna sehemu za vijana watupu na kuna sehemu za familia. Pale tulipokaa palikuwa na bibi kwenye kiti cha magurudumu, palikuwa na wajukuu wanakimbizana, na vijana waliokuwa na bia walikunywa kwa adabu. Mimi sinywi, nikapewa juisi ya tofaa ya moto yenye mdalasini. Hakuna aliyenishawishi mara ya pili. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu nyingine ya mzazi kuwepo: kijana akijua kuna mama wa mtu anamtazama, mkono unakuwa mzito kidogo.

---

Binti Ngamiani ameandika:

Mama shikamoo, ahsante kwa uzi. Mdogo wangu kapata chuo hukohuko Iowa, Inshallah anaondoka mwakani, na mama anapanga kumfuata baadaye. Sasa umesema jimbo la nguruwe. Sisi tutakula nini hapo?

---

Mama wa Kibaigwa amejibu:

Marahaba mwanangu, hongereni sana.

Mwambie mama zile brati aziache, nyingi ni nguruwe. Nyama ya ng'ombe ipo, kuku wapo, lakini jiko ni lilelile na koleo ni lilelile, kwa hiyo anayejali ajipikie. Palikuwa na familia ya Kisudani turubai la tatu kutoka kwetu, wana jiko lao dogo na kuku wao wa halali, na watu walikuwa wanaenda kwao kuonja. Kujiletea chakula pale ndiyo desturi yenyewe, hakuna atakayekasirika.

Halafu jambo ambalo sikulitegemea: Cedar Rapids, nusu saa hivi kwa gari kutoka Iowa City, ndiko uliko msikiti mkongwe kuliko yote iliyojengwa iwe misikiti na bado imesimama Marekani. Wanauita Msikiti Mama wa Amerika, ulijengwa 1934. Ni nyumba ndogo ya mbao nyeupe yenye kuba la kijani, katikati ya nyumba za watu. Mama akifika apelekwe.

---

Mtoto wa Bukavu ameandika:

Mama, jambo sana. Miye niko hapa Coralville, pembeni ya Iowa City kabisa. Waswahili tuko wengi huku, wa Bukavu, wa Uvira, wa Lubumbashi, na Warundi nao. Mwanzo tuliona siku ya mechi ni siku ya matata tu, barabara zinafungwa, unachelewa ku kazi. Kisha kijana yangu akaanza kucheza ile futiboli ku masomo, hatukuwa tena na namna, tukaingia. Sasa tunaendaga na michopo ya mbuzi na sombe, Wazungu wanakuja wenyewe ku meza yetu wanauliza "ile majani ni nini." Wakati mwingine ukirudi, utafute siye. Hauwezi kupita hapa kama mgeni.

---

Mama wa Kibaigwa amejibu:

Ndugu yangu, umenigusa. Nilisikia Kiswahili dukani Coralville, nikageuka, nikakuta mama na watoto wake wanabishania nyanya. Nikirudi nakutafuta, na binti yangu nimeshampa taarifa kwamba kuna sombe mtaa wa pili.

---

Mzee wa Kiluvya ameandika:

Dada habari za huko. Swali langu ni gumu kidogo. Iowa ni jimbo la Wazungu. Mtu mweusi anakaa vipi katikati ya maelfu yale, tena wamekunywa? Wewe ulikuwa mgeni wa watu, ulilindwa. Je, mtoto peke yake?

---

Mama wa Kibaigwa amejibu:

Nzuri kaka, na swali lako ndilo nililokwenda nalo.

Wengi walikuwa Wazungu, ndiyo. Kuna walionitazama kidogo, khanga yangu na kilemba, kisha wakaendelea na yao. Tusi sikusikia. Lakini siwezi kukuambia kwamba siku yangu moja njema ndiyo maisha ya kila mtoto mweusi pale. Nilimuuliza binti yangu faraghani, akaniambia ziko siku darasani huwa mweusi peke yake na inachosha, na akaniambia yuko na chama cha wanafunzi wa Kiafrika chuoni kinachomsaidia. Mzazi aulize hivyohivyo, asingoje kuambiwa.

Nikuambie na hili. Nyasi za uwanja ule zina jina lake, tofauti na jina la uwanja. Tangu 2021 zinaitwa Duke Slater. Alikuwa kijana mweusi, mtoto wa mchungaji, akachezea Iowa kuanzia 1918 mpaka 1921. Inasimuliwa kwamba shuleni kila mchezaji alitakiwa kujinunulia viatu na kofia, na baba yake aliweza kununua kimoja tu. Akachagua viatu, kwa sababu mguu wake ulikuwa mkubwa mno na vya kuazima visingemtosha. Akacheza kichwa wazi. Baadaye akacheza ligi ya kulipwa na akawa jaji Chicago. Kofia ambayo mzazi alishindwa kununua, kaka, mimi niliifikiria sana, nikiwa nimekaa nje ya uwanja ambao nyasi zake zina jina lake.

---

Mama wa Kibaigwa ameendelea:

Sasa ndani ya uwanja, kama nilivyoahidi.

Akina mama, pochi yenu haiingii. Mfuko lazima uwe wa plastiki unaoonekana ndani wote, vinginevyo ni kijipochi kidogo cha kiganjani. Jiandaeni mapema, msije mkasimama getini mnahamisha vitu.

Sheria za mchezo mtoto atakueleza mkiwa mmekaa. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, ikifaulu inapewa nyingine nne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Saa ya mchezo ni dakika 60 lakini utakaa zaidi ya saa tatu, kwa sababu saa inasimamishwa kila mara. Vaa nguo nzito, upepo wa Iowa mwezi wa kumi hauna huruma.

Nje ya uwanja kuna sanamu ya Nile Kinnick, na wachezaji wakipita huigusa. Huyu ndiye aliyetwaa tuzo ya Heisman 1939, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Akajiunga na jeshi la majini kama rubani, ndege yake ikaanguka baharini akiwa mafunzoni tarehe 2 Juni 1943, ana miaka 24. Ndugu yake naye aliuawa kwenye vita hivyohivyo. Watu walitaka mapema sana uwanja upewe jina lake, baba yake akakataa, kwa sababu vijana wa watu wengine wengi walikufa pia na hakutaka wa kwake atajwe peke yake. Jina likaja kuwekwa 1972. Wanawe wawili wamekwenda, anaombwa heshima ya mmoja, na anawakumbuka watoto wa wenzake. Baba mwenyeji ndiye aliyenisimulia haya tukiwa tumesimama chini ya sanamu, na aliyasimulia taratibu kama mtu anayemzungumzia jirani yake. Mpaka leo sarafu inayorushwa kuanzisha mechi za ligi yao, Big Ten, ina uso wa kijana huyo.

Kwenye kofia za wachezaji nikaona kibandiko cha duara cha njano chenye herufi ANF. Ni ufupisho wa maneno yenye maana kwamba Marekani inahitaji wakulima. Kocha Hayden Fry alikianzisha 1985, wakati wakulima wa huko walikuwa wanafilisika, mashamba yanapigwa mnada kwa madeni ya benki. Timu ya chuo ikawabeba kichwani mbele ya nchi nzima, na mpaka leo wanakivaa. Mwenyeji wangu alikuwa kijana mwaka ule. Baba yake alinusurika, jirani zao wawili waliuza kila kitu. Sasa wakuu, mimi nimekaa Kibaigwa naona bei ya gunia inavyomtoa mtu machozi mwezi wa saba. Nikajiuliza timu gani yetu imewahi kuvaa mkulima kifuani.

Na sasa hili ambalo lazima mlione wenyewe. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unasimama na kuupa mchezo mgongo. Upande wa pili wa barabara kuna hospitali ya watoto ya chuo, Stead, jengo refu lililofunguliwa 2017, na ghorofa zake za juu zinatazama moja kwa moja ndani ya uwanja. Tangu msimu wa mwaka huohuo, watu wote hugeuka wakawapungia mikono watoto waliolazwa. Wazo lilitoka kwa shabiki wa kawaida, akaliandika mtandaoni, likashika. Wachezaji wa timu zote mbili wanapunga. Waamuzi wanapunga. Na madirishani kule juu unawaona: mmoja amebebwa, kabandika kiganja kwenye kioo, mwingine kavaa fulana ya timu inayomfika magotini, na nyuma ya kila mtoto kuna mtu mzima amesimama.

Hao watu wazima ndio niliowatazama mimi. Ni wazazi. Jumamosi ile wangekuwa maegeshoni wanachoma nyama na wao.

Binti yangu anataka kufanya kazi jengo lile akimaliza. Alininyooshea kidole kwenye ghorofa, kisha akapunga kwa mikono yote miwili. Nililia. Kushoto kwangu palikuwa na mwanaume mzima, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, naye alikuwa anajifuta macho, na yeye anaiona kila mechi.

---

Baba Ayubu ameandika:

Dada yangu, mimi kijana wangu yuko sekondari Texas kwa shangazi yake, amepanda mwili, makocha wanamtaka acheze. Anasema akifika chuo kuna hela. Unanishauri nini?

---

Mama wa Kibaigwa amejibu:

Kaka, hela ipo kweli siku hizi. Zamani mchezaji wa chuo alipata ada na chakula tu. Tangu Julai 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina lake, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Lakini wanaofika huko ni wachache mno kati ya wanaocheza sekondari. Nimeona kwa macho yangu kijana anagongwa, anasimama, anayumba, anatolewa nje. Mama yake yuko jukwaani mahali fulani. Wa kwangu nisingemruhusu.

---

Daktari wa Zamu ameandika:

Baba Ayubu, niongeze kwenye la dada. Kuna ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha utafiti 2017: kwenye bongo 111 za waliowahi kucheza ligi ya kulipwa, 110 zilikuwa na dalili zake. Bongo hizo zilitolewa na familia ambazo wengi walishahisi tatizo, kwa hiyo haina maana kila mchezaji anaupata. Ila muulize kocha maswali mawili: mazoezini wanagongana mara ngapi kwa wiki, na nani anaamua mtoto aliyegongwa arudi uwanjani. Akisema kocha ndiye anayeamua, mtoe.

---

Mwanachuo UDOM ameandika:

Mama shikamoo. Nimesoma uzi wote nimekaa kimya muda. Mimi niko mwaka wa pili UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mama yangu yuko Kigoma, hajawahi kufika hapa. Atakuja siku ya mahafali kama nauli itapatikana. Hapa tuna mabonanza, tuna timu, lakini mzazi hata mmoja hujawahi kumwona. Simba Day watu wanajaza Uwanja wa Mkapa tangu asubuhi, watu 60,000, wanaimba. Chuoni kwetu mechi ya fainali wanakuja wachezaji na marafiki zao.

---

Mama wa Kibaigwa amejibu:

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili.

Chuo Kikuu cha Iowa kina wikendi ya familia kila msimu wa mpira, na ndiyo niliyoendea mimi. Chuo chenyewe kinamwita mzazi. Kwetu mzazi anaitwa mtoto akifeli, akifukuzwa au akivaa joho. Kinachotushinda sicho pesa. Umati wa kula pamoja tunaujua kuliko wao: msiba tunapikia watu mia tano kwa taarifa ya usiku mmoja, kipaimara tunafunga mtaa. Sufuria zipo, turubai zipo, akina mama wanaojua kupika kwa wingi wamejaa kila kona. Kilichobaki ni mtu wa kusema Jumamosi fulani, uwanja fulani, wazazi njooni. Na mzazi wa Kigoma asiyeweza kufika, mtoto wake akae kwenye turubai la mzazi wa Kongwa. Mwanangu mimi alikaa kwenye turubai la mkulima ambaye sikuwahi kumjua.

Kutoka Kibaigwa mpaka Dodoma mjini ni safari fupi tu kwa basi. Fanya hivi: zungumza na serikali ya wanafunzi, waandike barua kwa Mshauri wa Wanafunzi waombe ruhusa siku ya bonanza linalofuata, waeleze kwamba ni chakula na mpira, pombe hakuna. Wakikubali, nipe tarehe na idadi ya watoto ambao wazazi wao wako mbali. Mchele, sufuria mbili kubwa na majiko ya gesi ni juu yangu. Nyama nitawabana wanunuzi wenzangu wa hapa sokoni, wanne tayari wameshakubali. Ninyi tafuteni turubai na maji, na uchague mapema nani atakuwa mtu wa kahawa.